Jumbe Vuai na Kome wa Mwambani

Nikisema "Zamani haina mwenyewe!" nyinyi itikieni "Tupe sisi!" Haya: zamani haina mwenyewe! Ehe. Wewe wa nyuma, toa kidole puani uitikie na wenzako.

Zamani hizo, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na jumbe akiitwa Vuai. Mtu wa shamba huyo, mtu wa mihogo na viazi, bahari hakuijua hata kidogo. Siku alipopewa ujumbe wa kijiji cha pwani alisema, "Nijengeni nyumba juu ya ule mwamba. Mama mkwe wangu anakuja. Nataka apigwe na upepo mpaka asahau kwamba hakunitaka."

Maana Bi Raya, mama mkwe huyo, hakumtaka, wanangu! Tena alikuwa ameapa: akimkuta bintiye hana makao ya maana, anarudi naye kwao. Na Vuai alimpenda mkewe, akimkosa saa moja tu hali chakula.

Basi mwamba ule ulijaa kome. Kome wadogo kama punje za kunde, gamba jeusi lenye mistari myeupe, na mlangoni kila mmoja ana kifuniko chake. Jua likiwaka, anajifungia ndani na tone lake la maji. Maji yakija, anafungua, anatoka kutembea.

Akaja Bi Mize, kikongwe aliyeokota kome tangu utoto wake.

"Jumbe, unawaona hawa?"

"Nawaona. Watakwanguliwa."

"Sikiliza, baba. Kome hakai pasipofika maji. Pale wanapoishia wao juu, ndipo bahari inapoishia. Na wewe unajenga katikati yao."

Jumbe akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Bibi, mimi nipokee shauri la kitu kisicho na hata shingo?"

Zilikuwa siku za maji mafu, bahari imelala mbali, imetulia kama uji uliopoa. Wakajenga. Kwangua, kwangua, kwangua! Asubuhi kome wamerudi. Kwangua, kwangua, kwangua! Asubuhi wamerudi, mmoja yuko kizingitini. Kwangua, kwangua, kwangua! Asubuhi mmoja amepanda kitanda cha jumbe! Yeye anafoka tu, "Hawa hawana adabu!"

Bi Raya akafika siku ya bamvua kubwa, bamvua la mwaka, maji yanapojaa kuliko siku zote. Adhuhuri akakaribishwa, akapepewa na upepo, akatabasamu kidogo. Vuai moyo ukamruka. Alasiri pilau likapakuliwa, na Bi Raya akauliza, "Mwanangu, huku kwenu mkeka hulowa wenyewe?"

"Ni umande, mama," akajibu Vuai.

"Umande wa alasiri?"

Kabla hajajibu, chwaa! Maji yakaingia mlangoni bila hodi. Sinia la pilau likaelea, likatoka nje. Chwaa! Ukuta ukaenda. Mke akamshika mama yake, wakapanda juu ya meza, meza nayo ikaanza safari. Hapo Vuai hakucheka tena. Alijitosa, hajui kuogelea hata kwa jina, mkono mmoja kashika mguu wa meza, mwingine kaukumbatia mwamba, kifua chapa! Analia, "Mama, usiachie! Mke wangu, usiachie!" Wimbi linamfunika, linamfunua, naye hakuachia mguu wa meza mpaka watu wa Bi Mize walipofika na kamba.

Walipotua nchi kavu, kila mtu akangoja Bi Raya amchukue binti yake. Bi Raya akakamua kanga yake, akamtazama mkwewe aliyechubuka kifua kizima.

"Akili huna," akasema. "Lakini hukumwachia mwanangu. Abaki. Ila nyumba utajengewa pale atakapokuonyesha Bi Mize."

"Ndiyo, mama."

"Na kesho maji yakitoka, twende ukawaombe radhi wenye mwamba."

Kesho yake kijiji kizima kikashuka pwani kutazama. Jumbe akapiga magoti mbele ya kome mmoja, mdogo kuliko wote, na mama mkwe amemsimamia nyuma.

"Mwamkie!"

"Shikamoo," akasema jumbe.

Kome akavuta kifuniko chake, kap! Akafunga mlango.

Basi, wajukuu zangu, ukihamia mahali, muulize kwanza aliyekutangulia, hata akiwa mdogo kama kunde. Mimi kinywa changu nakifunga hapa. Aliyesikia amsimulie aliyekuwa akichezea kidole.