Homa Iliyopigwa Marufuku

Palikuwa na Sultani mmoja, Haidari wa mji wa Kisutuni, ambaye hakutawala kwa upanga wala kwa bakora. Alitawala kwa simu. Akiamka, kabla hajapiga mswaki, ameposti. Akila, ameposti. Akipiga chafya... hapana, chafya hakuziposti. Maana mwaka huo homa mbaya ya kifua iliingia mjini, na Sultani alikuwa ameikataa.

Aliikataa rasmi, kwenye ukurasa wake: "Kisutuni hakuna homa. Anayekohoa amepaliwa."

Basi mji mzima ukawa unapaliwa. Sokoni watu wanapaliwa, msikitini wanapaliwa, wengine wanapaliwa mpaka wanazikwa. Sultani akaona haijatosha, akaposti tena: "Ijumaa nyote mje uwanjani, tule karamu ya kusherehekea afya njema. Asiyekuja amenitukana."

Sasa, katika mji huo alikuwepo msusi, Bi Mize binti Shaame, mjane asiye na kitu ila kitana na ulimi, na katika viwili hivyo chenye meno makali kilikuwa ulimi. Asubuhi moja alimshika kichwa Bi Arafa, mteja wake wa miaka mingi, akakiachia upesi kama aliyeshika sufuria ya moto. Hazikupita siku nyingi, Bi Arafa akazikwa. Bi Mize alilia, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akafunga kibanda, akaandika kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka: "Nimefunga. Homa ipo. Jamani, kaeni majumbani, naweni mikono. Nywele zitasubiri."

Ujumbe ukasambaa. Kufika jioni ulikuwa na vimoyo vingi kuliko posti zote za Sultani za mwezi ule. Hapo ndipo Sultani alipougua. Si homa. Wivu.

Askari wakamleta msusi kasrini. Sultani akaamuru mambo yote yarushwe mubashara, watu wamwone mzushi akiyameza maneno yake. Waziri akashika simu. Bi Mize akavua viatu mlangoni. Alipokuwa akija alipitishwa mbele ya gereza na akaona jinsi madirisha yake yalivyo madogo. Hata hivyo akajikaza, akaanza kwenda mbele kumbusu Sultani mkono, kama ilivyo desturi.

"Hapo hapo!" Sultani akaruka kitini. "Usisogee!"

"Nakuja kukubusu mkono, Maulana."

"Leo haiwezekani. Mkono umekufa ganzi."

"Pole, Maulana. Na ule mwingine?"

"Nao pia!"

Vimoyo vikaanza kupanda kwenye kioo cha simu. Waziri akakohoa, simu ikamtikisika mkononi.

"Nimepaliwa," akasema haraka.

"Pole, baba. Umepaliwa na nini?"

"Na mate."

"Nyamazeni!" Sultani akafoka. "Wewe mwanamke, nani kakuambia homa ipo?"

"Kichwa cha Bi Arafa, Maulana. Kilikuwa cha moto kama kikaango."

"Ni jua hilo!"

"Mvua ilikuwa inanyesha, Maulana."

"Basi alikuwa na hasira."

"Alipokuwa hai hakuwa nayo, Maulana. Sasa hivi sijui."

Askari mmoja akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka. Sultani akaona mambo yanamwendea kombo mbele ya mji mzima, akanyoosha kidole. Ganzi ilikuwa imepona.

"Nisikilize vizuri. Kati yangu na wewe, Sultani ni nani?"

"Ni wewe, Maulana."

"Basi kilichopo na kisichokuwepo nasema mimi! Sasa chagua. Ama uwaambie watu kwa kinywa chako, sasa hivi, waje uwanjani Ijumaa, ama ukalale gerezani."

Bi Mize akaufikiria uwanja ule: watu wamebanana, akina mama na watoto mgongoni, sinia moja mikono kumi. Akainamisha kichwa kidogo, kisha akakiinua.

"Nitawaambia, Maulana. Ila wana maswali hao, na sitaki nikuaibishe kwa kukosa jibu. Wewe mwenyewe utakuwepo?"

"Bila shaka!" Sultani akatunisha kifua. "Mwenye karamu si mimi?"

"Utakaa nao pale pale, mle pamoja?"

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari.

"Nitakuwepo," akasema Sultani, sauti ikishuka, "kwa simu. Wao wananiona, mimi nawaona."

"Samahani, Maulana, mimi ni msusi tu. Mtu akija kwa simu, huhesabiwa amekuja?"

"Amekuja kabisa! Nani athubutu kusema Sultani hakuja?"

"Hakuna, Maulana."

"Haya, sema! Tena kwa sauti, wasikie wote."

Bi Mize akajifunga kanga vizuri, akaigeukia simu ya Waziri, akapaza sauti:

"Enyi watu wa Kisutuni! Sultani wetu anawaalika uwanjani siku ya Ijumaa. Njooni nyote, asibaki hata mmoja, na mje vile vile anavyokuja yeye: kwa simu."