Sultani Nasibu na Maua ya Adhuhuri

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani uliojengwa kwa mawe na chokaa, alikuwako sultani aitwaye Nasibu. Hakuwa mtu mbaya, ila jua la adhuhuri alikuwa akilisikia kwa watu tu. Aliamka jua limekwisha kupanda, akala, akalala tena, na ilipofika alasiri ndipo alipotoka uani kuamua mashauri, amevaa viatu vya ngozi, na watumishi wanne wamemshikia mwavuli mkubwa wa hariri. Wenye mashauri walitakiwa wamngojee pale uani tangu asubuhi, vichwa wazi na miguu mitupu, maana hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa heshima katika mji ule.

Basi ua wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Kila waridi lililopandwa pale lilikauka kabla halijajuta kuzaliwa. Siku moja waziri akamwambia Sultani kwamba kwa Machano, yule kapuku aliyeishi na mama yake katika kibanda nyuma ya jumba, kuna maua yaliyotambaa yakafunika uwanja wote kama busati, mekundu na manjano, wala hayajali joto. Sultani akaingiwa na wivu, akaamuru Machano aletwe barazani.

“Machano, nasikia umenizidi kwa bustani.”

“Mungu akuweke, Bwana wangu. Mimi sina bustani. Nina mchanga, na maua yakanionea huruma.”

“Basi na mimi yanionee. Nataka yatambae uani kwangu pasibaki mahali patupu, na nikitoka yanifungukie kama yanavyokufungukia wewe. Ukishindwa, kibanda chenu nitakibomoa nijenge banda la punda.”

“Yakufungukie vile vile yanavyonifungukia mimi, Bwana?”

“Vile vile! Kisipungue kitu wala kisizidi.”

“Nimesikia na nimetii,” akasema Machano, na baraza zima likasikia.

Akarudi nyumbani moyo mzito. Kuotesha maua yale ilikuwa kazi ndogo, bali alijua vyema kwamba hayamfungukii mtu atokaye alasiri. Mama yake, Bi Mgeni, alikuwa mzee, na nje ya kibanda kile hakuwa na pa kuweka kichwa. Machano hakumwambia neno, akavunja vishina vya maua vyenye vijani vinono, akaenda akavichomeka mchangani mwa Sultani, akavinyunyizia maji kidogo, akakaa pembeni akivitazama.

Waziri akaja mbio na watu wenye ndoo.

“Usiyanyweshe, Bwana Waziri,” akasema Machano. “Haya ukiyadekeza yanaoza.”

Waziri akashangaa sana, kwa kuwa hakupata kuona ndani ya jumba lile kitu kisichotaka kudekezwa. Lakini ndoo zikarudi, na maua yakatambaa, yakashikana, hata mchanga ukabaki kwenye vijia vya kupitia tu. Kila siku yakachanua jua lilipokuwa kali, Sultani akiwa kitandani.

Ikawa siku ya kukaguliwa, Sultani akatoka alasiri yake chini ya mwavuli wake, akakuta maua yote yamejifunga.

“Yamenifungia mlango!” akasema. “Kesho kibanda kibomolewe.”

Machano akapiga magoti. “Bwana, hukumu ni yako. Ila uliagiza yakufungukie vile vile kama mimi. Mimi huyaendea adhuhuri, kichwa wazi, miguu mitupu, wala sina mwavuli. Bwana wangu umeyaendea alasiri, na viatu, na kivuli cha watu wanne. Hapo vile vile iko wapi?”

Sultani akamtazama waziri, waziri akatazama mawingu. Neno lilikwisha kusemwa mbele ya baraza, na sultani hawezi kulimeza neno lake watu wakimwangalia.

“Vema,” akasema. “Kesho adhuhuri. Nayo yasipofunguka, nitabomoa na wewe ukiwa ndani.”

Siku ya pili Bi Mgeni, aliyekwisha kupata habari, alikuja tangu asubuhi kukiombea kibanda chake, akasimama uani pamoja na wenye mashauri wengine. Machano alikuwa akichungulia mbingu, roho mkononi, kila kiwingu akikiomba kipite upesi, maana jua likifichika maua hujifunga. Adhuhuri mbingu ikawa nyeupe kwa jua. Sultani akavua kilemba, akavua viatu, akashuka ngazi.

Maua yalikuwa yamefunguka yote, toka ukuta hadi ukuta. “Subhanallah!” akasema Sultani, akasahau kila kitu, mpaka miguu ilipomkumbusha. Mchanga ulikuwa moto. Akainua mguu huu, akainua ule, akaruka, akaruka tena, na raia wake wakainamisha vichwa wakiuma midomo.

Ikawa katika kuruka akafika aliposimama Bi Mgeni. Naye akamwonea huruma, akamwambia polepole:

“Mwanangu, usirukeruke, utachoka upesi. Simama kwa mguu mmoja, ule wa pili uupumzishe juu ya mwenzake, kisha ubadilishe. Ndivyo tufanyavyo sisi kila siku mpaka utoke.”

Waziri akafungua kinywa amkemee, Sultani akamnyamazisha kwa mkono. Akatazama miguu ya watu, akaona kila mmoja amesimama kwa mguu mmoja, vijana kwa wazee. Aliona haya, aliona haya sana, kisha akajitazama alivyo, sultani mzima kwa mguu mmoja kama korongo, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

“Njooni kivulini nyote,” akasema, “na kuanzia leo mtaningojea kivulini. Jua tuyaachie maua, hayo ndiyo yalipendayo.”

Wakapanda barazani, Bi Mgeni akishikwa mkono na Sultani mwenyewe. Likaletwa beseni la maji, Sultani akatumbukiza miguu yake, akaanza na shauri la kibanda, akasema kwamba ni cha Bi Mgeni na mwanawe daima, wala asikiguse mtu. Kisha akawaita waliobaki, mmoja baada ya mmoja, na mashauri yote ya siku ile yakamalizika kabla maua hayajajifunga, jambo ambalo mji ule ulikuwa haujapata kuliona.