Mwaloni wa Sabiha

Alikuwako Sultani Shahabu bin Wahidi, mtawala wa mji wa Kanzulwadi, na siku moja aliletewa mbegu ya mwaloni, mti mkubwa wa nchi za baridi, akamwita Sabiha, mjane aliyetunza bustani zake, akamwambia, "Nakupa miaka mitatu. Nikija nikakosa kivuli chake, utauhama mji wangu."

"Nimesikia na kutii, Bwana wangu," akajibu Sabiha, ingawa alijua mti ule haukui kwa amri.

Akachagua mahali penye jua, na alipokuwa akichimba jembe likagonga jiwe pana. Akalinyanyua kwa mtaimbo, na chini yake akatoka jini mrefu kama mnara, akainama.

"Nimefungwa hapa miaka mia saba, bibi yangu. Niagize jambo moja."

Sabiha akamweleza habari ya mti. Jini akacheka. "Kufumba na kufumbua nitausimamisha, na matawi yafike ukuta ule!"

"Na mizizi?"

"Mizizi sina uwezo nayo. Utasimama maadamu nimeushika."

"Na ukichoka?"

"Utaanguka, bibi yangu."

Sabiha akafikiri sana, maana katika mji ule ndimo alimozikwa mumewe, wala hakutaka kuuhama. Mwisho akasema, "Basi nivunjie mwamba wote ulio chini hapa, udongo uwe laini, kisha nenda zako kwa amani."

Jini akafanya hivyo, akatoweka. Sabiha akafukia mbegu, na ilipochipua akaizungushia miiba kuzuia mbuzi, akatandaza majani makavu kuhifadhi unyevu, na kila alipomwagilia aliyaacha maji yazame mbali.

Miaka mitatu ikatimia, Sultani akaja, akakuta mche unaomfikia kiunoni. Akaghadhibika, akaushika kwa mikono miwili aung'oe. Akavuta, akavuta tena, hata kilemba kikamwanguka, na mche usitikisike.

"Una nini mti huu?" akauliza akihema.

"Bwana wangu, miaka yote mitatu ulikuwa ukienda chini."

Sultani akaketi mavumbini akacheka, kisha akamwomba amfundishe kuutunza. Akawa anakuja kila asubuhi na ndoo yake, hata mwaka wa pili akamposa, naye akaridhia, wakaoana kwa karamu ya siku saba, na bustani zote zikaandikwa kuwa mali ya Sabiha. Wakazeeka wangali wakipigwa na jua kando ya mwaloni ule, na wajukuu wao ndio waliokaa kivulini.

Haya ndiyo yaliyompata Sabiha, na funzo lake ni kwamba mwenye kuwaoteshea watakaokuja asione haya kazi yake ikionekana ndogo machoni pa watu wa leo.