Ndoo ya Rangi Haisahau Ukuta

Nimesema, "Ndoo ya rangi haisahau ukuta," mkacheka, na sasa mnataka kujua nimeitoa wapi. Sikuitunga mimi. Mimi ningetunga ya matusi.

Methali hii ilianza hivi, jikoni kwa Bi Somoe wa Muheza.

Bi Somoe alipenda plastiki kuliko alivyompenda marehemu mumewe, maana plastiki haivunjiki wala haikoromi. Uji wa mjukuu wake, Shaweji, aliumimina ungali unatokota kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi ya ukuta, akaufunika upoe taratibu. Mtoto kila akinywa, anatapika. Akakonda, shingo ikawa kama mpini wa mwiko.

"Mama, labda ni ndoo," akasema Hidaya, mkwewe, mama wa mtoto.

"Ndoo nimeisugua kwa majivu! Hili ni jicho la jirani. Ijumaa tunampeleka mtoto akachanjwe chale."

Hidaya aliogopa wembe wa chale, akamwita baba yake, Mzee Semkiwa. Mzee alipofika, Bi Somoe akamkirimu kwa chai ya moto aliyoitunza kwenye ndoo ileile. Nanyi mnajua, ukweni chakula hakikosolewi. Mzee akanywa kikombe kizima. Jasho likamtoka, masharubu yakasimama.

"Nikuongeze, mkwe?"

"Ahsante, mkwe. Ukuta wa ndani umeshapakwa. Tuuache ukauke kwanza."

Hidaya akakimbilia uani kuficha kicheko.

"Unanikejeli nyumbani kwangu?"

"Sijakosoa kitu! Onja tu na wewe."

Bi Somoe hakuwa ameonja cha ndoo ile hata siku moja. Chai yake aliichota sufuriani kwa kikombe chake cha bati. Akaonja. Akatoka akatema, kuku wakatawanyika.

"Lakini niliisugua," akasema, sauti imepungua.

"Ulisugua ngozi, mkwe. Rangi ilishazama ndani, na moto ndio unaoiamsha. Ndoo ya rangi haisahau ukuta. Ukiitia uji, itapaka tumbo la mtoto."

Jioni ile Shaweji alinyweshwa uji kwa bakuli la bati. Haukurudi. Kesho yake akalia ataka tena, na Ijumaa ikapita wembe haujamgusa.

Basi mtu akiwakaribisha kwa chombo cha kazi nyingine, akaapa amekiosha, mwambieni kwa adabu, mkiwa mmekaa karibu na mlango: ndoo ya rangi haisahau ukuta.