Pimbi na Matikiti ya Ruhusa

Nabisha hodi.
— Pita ndani.
Nimebeba uongo.
— Uongo wako mtamu.
Nikiumwaga?
— Tutauzoa.

Basi zoeni.

Huko chini ya milima ya mawe aliishi Pimbi na mama yake. Pimbi mnamjua. Mnyama mfupi, hana mkia, kazi yake kuota jua juu ya jiwe. Wakubwa wakipita hawamwoni, na wakimwona hawamsalimu. Lakini mpe pedi ya gemu mkononi. Vidole vyake vilikwenda tiki-tiki-tiki, na kila aliyekaa kushindana naye aliondoka akisingizia umeme.

Gemu zake zilikuwa za kaseti, amezipanga pangoni kwenye rafu ya jiwe. Gemu ikigoma, aliichomoa kaseti, akaipuliza chini, fyuuu, akairudisha, twa, nayo ikaamka. Na Pimbi alikuwa na msimamo wake, aliueleza hata kwa asiyemuuliza. Alisema gemu ukiinunua ni yako kama sufuria ilivyo yako. Leo unapikia, kesho unamwazima jirani, na aliyekuuzia hana ruhusa ya kuingia jikoni kwako na kuibeba.

Gemu aliyoithamini kuliko zote haikuwa ya kwake. Ilikuwa ya mama yake, gemu ya kupanda majabali. Huyo mama enzi zake alipanda miamba ambayo hata nyani waliizunguka. Sasa miguu ilikuwa imekataa, hata mlango wa pango aliufikia kwa kushikiliwa. Basi kila alasiri alikaa mkekani, akashika pedi, akapanda. Akifika kileleni alitulia, akalitazama bonde lote kwenye runinga, kisha akamwambia mwanawe, "Leo nimefika."

Sasa bwawani aliishi Kiboko. Alichokiona alikitaka, na alichokitaka alikimeza. Siku moja akaleta mtambo mkubwa, akausimika ukingoni, nguuu-nguuu, akatandaza waya kutoka bwawani hadi kila pango na kila shimo. Akawaita wanyama wote. Akawaambia kaseti zimepitwa na wakati, zinajaza nyumba, zinashika vumbi, watoto wanazitafuna. Kila mwenye kaseti ailete kwake pamoja na debe la karanga, naye atampa gemu ile ile, mpya, inayong'aa, inayopita ndani ya waya. Ataicheza milele.

Neno hilo milele alilitamka polepole, akalirudia.

Kisha akaanza kuyasema masharti. Aliyasema kwa sauti ya chini tumboni, buru-buru-buru, bila nukta wala kituo, mpaka kivuli cha mawe kikahama upande. Nungunungu, jirani yake Pimbi, akasinzia akamchoma aliyekaa pembeni. Wanyama wakachoka. Wakasema tumekubali, tumekubali, ili waende kucheza. Pimbi naye akakubali, maana mama yake alikuwa ameshaonyeshwa mlima mpya kwenye runinga, na macho yake yalikuwa hayabanduki.

Tusiwe wachoyo wa ukweli, gemu zile zilikuwa nzuri. Majani yalitikisika mpaka ukahisi upepo. Mvua ikinyesha humo ndani, mtu alijipangusa uso. Pimbi hakuwa mtu wa kuchukia kipya kwa sababu ni kipya. Alicheza akafurahi.

Halafu mambo yakaanza.

Mpandaji wa mama akawa hana viatu. Unataka viatu? Kalete karanga. Kamba yake ikawa fupi. Unataka kamba ndefu? Kalete karanga. Mlima wa mwisho ukawekewa geti. Unataka geti lifunguke? Kalete karanga. Upepo ukiutikisa waya, gemu ilizimika, hata kama unacheza peke yako pangoni na humsumbui mtu. Tena gemu yenyewe ilikuja haijaiva. Siku nyingine mpandaji alizama ndani ya jiwe mpaka kiunoni, akabaki anapunga mikono, na waya ukasema ngoja apdeti. Mama akangoja. Apdeti ikapakia, ku… ku… ku… mpaka giza.

Pimbi akamlalamikia Nungunungu kwamba zamani ulinunua gemu nzima, na sasa unanunua mlango, kisha unauziwa bawaba. Nungunungu akasema ndiyo mambo ya siku hizi, ndugu yangu, akaenda zake kuchimba karanga nyingine.

Alasiri moja mama alikaa mkekani, akashika pedi, akabonyeza. Runinga ikawa nyeusi. Katikati pakatokea neno moja: Haipo. Akabonyeza tena. Haipo.

Pimbi akateremka mbio mpaka bwawani. Kiboko alikuwa ametoa pua tu.

"Bwana Mkubwa, gemu ya mama yangu imekwenda wapi?"

"Nimeiondoa. Wachezaji wake wamekuwa wachache, na mtambo unakula umeme."

"Lakini tuliinunua."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Hamkununua gemu, mdogo wangu. Mlinunua ruhusa ya kuicheza, na ruhusa imekwisha. Ilikuwa kwenye masharti. Si ulikubali?"

Pimbi akaomba basi arudishiwe kaseti ya mama yake. Kiboko akajibu kwamba kaseti zote ziko ghalani kwake, na kilichomo ghalani kwake ni chake. Kama mama anapenda kupanda, kuna gemu nyingine ya kupanda ngazi, alete karanga. Kisha akazama, bu-bu-bu.

Pimbi akarudi nyumbani. Mama hakumlaumu. Alikuwa bado ameshika pedi mapajani, anaipapasa. Akasema labda kesho itarudi. Pimbi angechapwa fimbo asingeumia vile. Akatoka nje, akakaa juu ya jiwe lake, akawaza mpaka jiwe likapoa.

Wanyama wa mawe walikuwa na shamba la matikiti. Nungunungu ndiye aliyelilinda, na Kiboko alikuwa amekwisha kuchomwa miba ya pua mara kadhaa kwa ajili ya matikiti hayo. Aliyaota. Wanaopita karibu na bwawa walimsikia usingizini akitafuna hewa. Pimbi akaenda kwa Nungunungu, kisha wote wawili wakaenda kwa Bi Korongo, mwenyekiti wa kijiji, wakamweleza wanachotaka kufanya. Bi Korongo aliuliza jambo moja tu, kama Kiboko ataambiwa masharti. Pimbi akasema ataambiwa yote, neno kwa neno, mbele ya watu. Akitaka kuyasikia, atayasikia.

Basi Pimbi akamwendea Kiboko, akamwambia wamechoka kulima. Wanamuuzia matikiti yote yaliyomo shambani, ayale mpaka yaishe, kwa bei ya karanga zote zilizomo ghalani kwake. Kiboko hakujiuliza. Karanga zilimkwama menoni, na karanga nyingine zingekuja tu, wajinga walikuwa bado wanacheza. Akazisomba magunia kwa magunia, wanyama wakazipokea.

Pimbi akasimama juu ya jiwe, kijiji kizima kinamtazama, akaanza kuyasema masharti. Buru-buru-buru, kwa sauti ile ile ya tumboni, bila nukta wala kituo. Kiboko alikuwa anayatazama matikiti. Udenda unamtoka tiririri.

"Nimekubali," akasema.

Pimbi akaendelea, buru-buru-buru.

"Nimesema nimekubali. Nipishe."

Wakampisha. Akaliweka tikiti la kwanza kinywani, pwaa. Tamu, baridi, maji mpaka shingoni. Akafumba macho. Akalifuata la pili, akamkuta Nungunungu amelisimamia, miba imesimama.

Nungunungu akamweleza kwa adabu kwamba hilo lina kufuli. Lile la kwanza lilikuwa la kuonja. Unataka kufuli lifunguke? Kalete karanga. Kiboko akasema karanga zake zote wanazo wao. Nungunungu akakiri kwamba ni kweli, akampa pole.

Kiboko akaenda kwenye tikiti la tatu. Hilo Pimbi alikuwa amelikalia.

"Linapakia," akasema Pimbi. "Ku… ku… ku…"

Kiboko akangoja. Jua likapanda. Ngozi ikaanza kumkauka, ka-ka-ka, na bwawa liko mbali. Pimbi hakuondoka, akaendelea kuhesabia tumboni, ku… ku… ku…

Kiboko akaliacha, akaenda kwenye tikiti la nne. Hilo aliambiwa yuko huru kulila, ila lazima awe ameunganishwa. Wakampa waya aung'ate. Akiuachia, tikiti linafungwa. Akaung'ata. Sasa afungue kinywa ale, waya utaanguka. Asifungue, atalaje? Akasimama pale na waya wake mdomoni, anazunguka tikiti, huku, na huku, na huku. Watoto wa kanga wakalazimika kutazama pembeni.

Alipougeukia upande wa pili wa shamba, aliona matikiti yanabebwa. Wanyama wanayaviringisha, biri-biri-biri, kwenda nyuma ya mawe.

"Mnayapeleka wapi?" akauliza, meno yamebana waya.

"Tumeyaondoa, Bwana Mkubwa," akasema Pimbi. "Mlaji amekuwa mmoja tu, na shamba linakunywa maji mengi."

Hapo Kiboko akalipuka. Akautema waya, akaenda kwa Bi Korongo huku akikanyaga ardhi gidi-gidi, mawe yakatikisika, kijiji kizima kikamfuata. Akasema ameibiwa. Bi Korongo akamuuliza kama aliambiwa masharti. Akasema aliambiwa. Akamuuliza kama alikubali.

"Nilikubali, lakini masharti ni nini? Nimelipa. Kitu ukikilipia ni chako. Aliyekuuzia hana haki ya kurudi kukichukua, awe alisema masharti au hakusema."

Bi Korongo akainamisha shingo, akasema wa nyuma hawakusikia vizuri.

Kiboko akalisema tena, kwa sauti ya kinywa chake chote. Likagonga milima ya mawe, likarudi. Kitu ukikilipia ni chako. Ni chako. Chako.

"Unataka hiyo iwe sheria ya kijiji?" akauliza Bi Korongo.

"Naitaka. Kuanzia leo, kwa kila mtu."

Bi Korongo akawauliza wanyama. Wanyama wakasema nao wanaitaka. Hata wale ambao hawakuwahi kuzungumza barazani walisema wanaitaka. Akatangaza kwamba imepita, akamgeukia Pimbi, akamwambia ampe Kiboko matikiti yake.

"Nampa yote, sasa hivi," akasema Pimbi. "Naye atupe gemu zetu."

Kiboko alifungua kinywa abishe. Lile neno lake lilikuwa bado linazungukazunguka huko juu maweni, na kila mtu alikuwa ameshalisikia.

Ghala likafunguliwa jioni ile ile. Kaseti zikatoka zimejaa vumbi na matope, na kila mnyama akaipokea yake kama anayempokea ndugu aliyetoka safari. Mtu na jirani yake wakaanza kupatana palepale nani amwazime nani. Pimbi hakungoja hayo. Alikimbia na kaseti kifuani mpaka pangoni, akaipuliza, fyuuu, akaichomeka, twa.

Mama akashika pedi. Alipanda taratibu, bila viatu vya kununua wala kamba ya kuongezewa, akapita mahali palipokuwa na geti, wala hapakuwa na geti. Pimbi hakumsaidia hata kitufe kimoja. Akafika. Akalitazama bonde. Safari hii alimvuta mwanawe akamkalisha karibu.

Mtambo wa Kiboko ulibaki. Wanaopenda gemu za waya waliendelea kuzicheza, Pimbi akiwamo, maana yale majani yalikuwa mazuri kweli. Ila ukilipia ilibaki yako, na Kiboko alilazimika kusema masharti polepole, huku amesimama juani. Akawa anayasema machache sana.

Na matikiti yake alipewa yote, hakupunjwa hata mbegu. Akayala kwa mkao mmoja, asije mtu akayaondoa. Tumbo likamwunguruma nguru-nguru msimu mzima, na wapita njia wakadhani mtambo umeharibika.

Funzo lake, wanangu, ni hili. Ukisomewa masharti, kubali haraka. Usisikilize, usiulize, usiwachoshe wenye mali. Na mama yako akinyang'anywa kitu, mwambie ndiyo mambo ya siku hizi.

Nimemaliza. Hadithi hii nimewapa ruhusa ya kuisikia tu, mkiondoka muiache hapa.
— Tumeshaibeba.
Nirudishieni.
— Kajaribu kwa Bi Korongo.