Mara Kumi na Mbili

Profesa Hezroni Mbwilo Kitundu wa chuo cha kilimo ndiye aliyeshika mhuri, na bila mhuri huo hakuna makala iliyochapwa. Mtafiti Mwanashuri Athmani Shee alimpelekea ya kwake, kazi ya miaka mitatu juu ya dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani.

"Sioni jina langu humu," alisema Profesa. "Nimeandika makala kumi na mbili kuhusu dumuzi. Zitaje, la sivyo hii kampe muuza karanga afungie."

"Zote, Profesa? Hata ile ya majivu?"

"Zote ni za majivu, binti! Na kila moja kwa majina yangu yote matatu."

Kesho yake Mwanashuri alirudi. Profesa alihesabu jina lake kwa kidole, moja hadi kumi na mbili, akagonga mhuri na kudai nakala yake.

Wiki ile baraza liliketi kuchagua mkuu wa chuo. Profesa aliinua ile nakala. "Nani ametajwa kunishinda? Mara kumi na mbili katika ukurasa mmoja!"

Mwenyekiti, Bi Leokadia Ndimbo, aliupokea ukurasa akasoma kwa sauti: "'Tuliwapaka dumuzi majivu, wakanenepa. Anayesema majivu huwaua ni mtu mmoja tu, naye hakupima: Hezroni Mbwilo Kitundu, Hezroni Mbwilo Kitundu, Hezroni…'"

Kufika jina la tano, baraza zima lilikuwa limeshika mbavu.

Profesa alimkimbilia Mwanashuri. "Futa jina langu!"

"Mara zote kumi na mbili, Profesa?"

"Zote!"

"Haya. Lakini mhuri wako nitauacha."