Umekaranga!

Hapo zamani, karanga hazijapata jina, binti wa jumbe aligoma kula. Uji, kakataa. Samaki, kakataa. Asali, asali jamani, kakataa. Kabaki macho tu. Jumbe akatangaza: "Atakayemlisha mwanangu namkatia shamba kando ya mto."

Mbwera akatoka na jembe. Wenzake wanachuma vya juu mitini, yeye akachimba chini, akaibuka na vitu vina maganda, ndani punje. Akampa mkewe, Sikudhani: "Kachemshe kwa jumbe." Mama yake Mbwera, Bi Nunu, akafuata nyuma kusimamia. Hakuna aliyemwomba.

Uani kwa jumbe, Sikudhani akabandika chungu. Mara katokea shoga yake. Unajua mashoga wakikutana. Maji yakakauka, punje zikaanza kulia pa! pa! Sasa enzi hizo kukaanga wanasema kukaranga. Bi Nunu akapasua koo:

"Nimekwambia chemsha, wewe umekaranga! Karanga, karanga, huna ulijualo ila karanga!"

Ndani, mtoto akainua kichwa. "Mama, nataka karanga."

Hakuna kitu kinaitwa hivyo. Wakampa zile zilizoungua. Akala. Akaomba tena.

Jumbe akatoka nje anafuta machozi. "Haya, shamba la nani?"

Mbwera: "Langu. Nisingechimba, wangekaranga nini, mawe? Nipe, nioe mke wa pili, tulime."

Sikudhani akamtazama mumewe. Kisha: "Shikamoo, jumbe."

"Marahaba."

"Ningechemsha, angekataa kama alivyoukataa uji. Kilichomwinua ni harufu, na harufu nimeitoa mimi. Nipe hilo shamba nihamie. Peke yangu."

Bi Nunu akacheka kwa pua. "Mtoto kasema nataka harufu? Kasema nataka karanga. Neno hilo limetoka mdomoni humu. Nipe mimi. Huyu mwanamke atanilimia."

"Mama!" Mbwera akasema.

"Nyamaza. Mke ulichagua mwenyewe."

Shamba lenyewe dogo, ukiligawa unapata tuta na nusu. Na jioni wote watatu wanarudi nyumba moja, chungu kimoja, na chungu chenyewe kimeungua. Jumbe anakuna kichwa. Ndani mtoto anaita: "Karanga zimeisha?"

Haya, wewe uliyekaa hapo unatafuna zangu tangu nimeanza, hata hujaniuliza kama nimekula. Je, shamba apewe nani?